Gia ya Tano kwa Gari la Baba: Ipigie Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Leo tuzungumze juu ya ombi ambalo wengi wetu tumelipokea usiku, kazi imeisha, macho mazito, simu iko mkononi: "Gari imelala. Fundi asema giaboksi imekwisha. Afadhali tuweke ya gia tano mara moja, tumalize."

Sisi tulilipokea. Tuko ndugu watatu. Mkubwa wetu, dada, anafanya kazi ya nyumbani Abu Dhabi. Wa kati ni mhasibu, yuko Dubai. Wa mwisho yuko nyumbani Kilifi, na ndiye anayeendesha gari la marehemu baba, Toyota Corolla DX ya mwaka 1982. Kila siku ila Jumapili hupakia mayai na nazi alfajiri, akashuka nazo soko la Kongowea, akarudi. Kwa hiyo gari hilo si pambo la uani. Linafanya kazi kila siku, na lina umri kuliko sisi wawili.

Tunaandika haya kwa sababu tulikosea kwanza, tukapatia baadaye, na tofauti ya kukosea na kupatia haikuwa bahati. Ilikuwa daftari. Maoni yetu tuyaseme mapema: kuliwekea gari la zamani giaboksi bora si ujinga, na pia si "maendeleo" kila mara. Ni jambo la hesabu kwa gari fulani, kwa barabara fulani. Na pale ambapo hesabu haitoshi na bado moyo unataka, basi pesa hiyo iandikwe kwa jina lake halisi.

Jinsi tulivyopoteza elfu sitini na tano

Ombi la kwanza lilikuwa shilingi 65,000. Dada alituma siku ya pili yake. Hakuuliza, na mhasibu wetu hakuulizwa. Alipata habari pesa ikiwa imekwisha kulipwa.

Tuitafsiri pesa hiyo kwa lugha tunayoielewa sisi tulioko huku. Dada analipwa dirham 1,200 kwa mwezi, yaani dirham 40 kwa siku. Tukichukua dirham moja kuwa shilingi 35, siku yake moja ni shilingi 1,400. Elfu 65 ni siku 46 za kuamka saa kumi na moja, kupiga deki, kupika, kulea watoto wa watu na kulala wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa bei ya giaboksi ile, siku 46.

Ikanunuliwa dukani bila kufunguliwa na bila kuzungushwa. Fundi akaipachika kwa siku moja. Ilikuwa na mkia mrefu kuliko ile ya zamani, lakini propela shafti ikarudishwa vilevile bila kupimwa. Wiki ya tatu gari likaanza kutetemeka, oili ikawa inavuja kwa nyuma, na gia ya tatu ikawa inaruka yenyewe. Ilipokuja kufunguliwa, meno ya gia yalikuwa yameliwa.

Lakini lililotuuma zaidi ni hili. Tatizo la mwanzo halikuwa limeondoka. Gia bado zilikuwa ngumu kuingia, zote, hata rivasi. Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, aliuliza swali moja tu: "Injini ikizimwa, zaingia?" Zilikuwa zinaingia laini kama siagi. Akasema, "Basi hapo ni klachi, mwanangu. Klachi haiachii." Giaboksi ya zamani huenda haikuwa na kosa lolote. Hatutajua kamwe, kwa sababu fundi wa kwanza alikwenda nayo "kama chuma chakavu" na hakuna aliyemzuia.

Klachi nzima, sahani na beringi yake, ilikuwa shilingi 9,000.

Kwanza jueni ugonjwa

Sisi si mafundi. Lakini mtumaji pesa ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutuma, na maswali haya hayahitaji mtu awe fundi. Mwandikie anayeendesha gari, umwambie akae ndani ya gari, ajaribu, akujibu kwa sauti au kwa video.

Swali la kwanza: gia zote ni ngumu injini ikiwaka, na injini ikizimwa zinaingia vizuri? Kama ndiyo, anza na klachi. Usitume pesa ya giaboksi.

Swali la pili: ni gia moja tu inayokwaruza, tuseme ya pili, na nyingine ziko sawa? Hapo mara nyingi ni vile vipete vya shaba vinavyolainisha gia kuingia, mafundi wanaviita sinkro. Giaboksi itafunguliwa, ndiyo, lakini huenda ikatengenezwa bila kununua nyingine.

Swali la tatu: kelele inasikika lini? Ikiwa inasikika gari liko nyutro na mguu umetoka kwenye klachi, halafu inapotea klachi ikikanyagwa, shuku beringi za ndani ya giaboksi. Ikiwa ni kinyume, yaani kelele inakuja klachi ikikanyagwa, shuku beringi ya klachi. Hiyo ni kazi ndogo zaidi.

Swali la nne: gia inaruka yenyewe kurudi nyutro? Hapo kuna uchakavu wa ndani, au mipira inayoshikilia injini na giaboksi imekufa. Mipira ikaguliwe kwanza kwa sababu ndiyo rahisi.

Swali la tano: oili ya giaboksi ikimwagwa, ina vipande vya chuma? Vumbi laini la kung'aa kwenye gari la miaka mingi si ajabu sana. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine. Apige picha.

Maswali matano, dakika kumi. Tungeyauliza, dada angebaki na siku zake arubaini kwa uchache.

Gia ya tano inafanya nini hasa

Hapa pana imani nyingi mitaani. Vijana husema gia ya tano "inaongeza nguvu" au "inaongeza spidi". Sivyo. Kwenye magari kama DX, gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo inazunguka mara moja. Gia ya tano inaifanya propela izunguke zaidi ya injini. Katika giaboksi za gia tano za Toyota za enzi hizo, uwiano wake uko karibu na 0.86. Maana yake, injini iliyokuwa inazunguka mara 3,500 kwa dakika kwa gia ya nne, sasa kwa mwendo uleule wa gari itazunguka kama mara 3,000.

Faida yake ni tatu. Injini inapumua, kelele inapungua, na mafuta yanapungua kidogo. Nguvu haiongezeki hata chembe. Mlimani utarudi gia ya nne au ya tatu kama zamani. Na ukiing'ang'ania ya tano kwa mwendo mdogo na mzigo wa mayai na nazi, injini itakoroma na kuumia, na mafuta yatakwenda vilevile.

Kwa hiyo swali la kwanza la kihasibu halihusu bei. Linahusu barabara. Gari hili linakaa muda gani kwenye mwendo ambao gia ya tano inaingia? Kaka yako akizunguka Kariakoo na Ilala kutwa nzima kwenye foleni, gia ya tano atakuwa ameinunua kama koti la baridi Mombasa. Itakaa hapo tu. Lakini anayesafiri barabara kuu kila siku, kilomita kumi na kumi bila kusimama, huyo ataitumia.

Hesabu yenyewe

Baada ya hasara ile tulikaa chini, yaani kwa simu, watatu, siku ya mapumziko ya dada. Mhasibu wetu akafungua daftari. Wahenga wa dukani walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tulikuwa tumeshaona.

Jambo la kwanza aliloandika lilitukera: hizi 65,000 hazimo. Dada akauliza, "Hazimo vipi, na ni zangu?" Akaelezwa hivi. Pesa iliyokwisha kupotea haiwezi kurudi kwa uamuzi wowote tutakaofanya leo. Tukiiingiza kwenye hesabu, itatusukuma kufanya makosa mengine ili tu tusione aibu ya lile la kwanza. Wangapi wameendelea kumwaga saruji kwenye nyumba iliyokaa vibaya kwa sababu "tumeshatumia nyingi"? Ya jana ni somo. Hesabu ni ya leo.

Basi leo gari halina giaboksi nzima, na klachi lazima ibadilishwe vyovyote vile. Njia ni mbili.

Njia ya kwanza, kurudi kwenye gia nne. Giaboksi iliyotumika 15,000, oili na sili 3,000, ufundi 7,000, klachi 9,000. Jumla 34,000.

Njia ya pili, gia tano, safari hii kwa utaratibu. Giaboksi iliyofunguliwa na kukaguliwa 45,000, klachi 9,000, propela shafti kupimwa, kukatwa na kusawazishwa 7,000, oili na sili 3,000, mpira wa kushikilia giaboksi 2,000, ufundi 8,000. Jumla 74,000.

Hizo ni bei tulizopewa sisi, siku ile, na watu wale. Zako zitakuwa tofauti. Chukua mpango, usichukue namba.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Wanatazama 74,000 wanaogopa, au wanatazama 74,000 wanasema "si kitu, ni gari la kazi". Namba ya kutazama si 74,000. Kwa sababu 34,000 zingetoka hata hivyo, bei ya gia ya tano yenyewe ni tofauti ya njia mbili: shilingi 40,000. Hiyo ndiyo inayotakiwa kujilipa.

Inajilipaje? Kilifi hadi Kongowea na kurudi tunahesabu kilomita 110. Mdogo wetu alikuwa anatumia lita moja kwa kilomita kumi, yaani lita 11 kwa siku. Baada ya gia ya tano, tulimtaka ajaze tangi hadi juu kila Jumamosi na aandike. Ikatoka wastani wa lita 10.4. Punguzo ni lita 0.6 kwa siku. Wengine watacheka: lita 0.6 tu? Ndiyo, maana Mtwapa kuna foleni na gia ya tano hailiwi na foleni. Lakini kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni shilingi 108 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni shilingi 32,400 kwa mwaka. Kwa mwezi ni 2,700.

Elfu 40 gawanya kwa 2,700: miezi 15 hivi. Gari ni la kazi, litakuwepo miezi 15 Mungu akipenda, na baada ya hapo ni faida. Tukasema sawa.

Lakini tazameni namba hiyohiyo kwa mtu ambaye giaboksi yake ya gia nne ni nzima na klachi ni nzima. Yeye hana 34,000 za kutoa. Bei yake ya gia ya tano ni 74,000 zote, na kwa punguzo lilelile itamchukua zaidi ya miezi 27. Huyo tungemwambia: subiri. Siku giaboksi yako itakapokufa yenyewe, ndiyo siku ya kufikiria gia ya tano. Kitu kizima hakitolewi kwa sababu jirani ameweka kipya.

Kabla ya giaboksi, breki

Kuna jambo hatutaki kulisema kwa upole. Ukiwa unatuma pesa ya gia ya tano kwa gari ambalo breki zake zinavuta upande mmoja, tairi zimekwisha na usukani unacheza, unatuma pesa ya msiba. Gia ya tano inamtia mtu raha ya mwendo. Gari linatulia, halipigi kelele, na dereva bila kujua anaongeza. Mdogo wetu alikiri mwenyewe kwamba wiki ya kwanza alijikuta anakimbia kuliko zamani, kwa sababu masikio hayakuwa yanamwonya tena.

Utaratibu wetu ni huu: breki, tairi, usukani, taa. Halafu kutu. Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula gari kutoka chini. Kama sakafu na vibebeo vya giaboksi vimeoza, giaboksi mpya itabebwa na nini? Hivyo vikiwa sawa ndipo tuongee gia.

Wapo pia wanaotaka kuruka zaidi. Mmoja wa marafiki wa mdogo wetu alimshauri aweke giaboksi ya Altezza yenye gia sita. Mwingine akasema automatiki, ili "mama naye aendeshe". Kwa gari la kazi la kila siku, sisi tunapinga yote mawili. Ya Altezza haikutengenezwa kukaa kwenye injini ndogo ya kabureta ya DX. Utahitaji vibadilishi, kukata sakafu, pengine hata kubadili injini. Automatiki inataka mfumo wake wa kupoza oili na fundi anayeielewa, na injini ndogo itazidi kuchoka. Mabadiliko mazuri kwa gari la zamani ni yale ambayo fundi wa njiani, Mtwapa au Mazeras, anaweza kuyatengeneza na spea zake kupatikana. Gia tano kutoka jamii ileile ya injini inapita mtihani huo. Nyingine ni za vijana wenye gari la pili nyumbani.

Na mtu akikuambia "uza hilo kopo, nunua Probox", msikilize pia, usimtukane. Kama body imeoza na injini inakula oili, huenda ana haki. Piga hesabu ileile: utauza kwa ngapi, utaongeza ngapi, pesa ya kuongeza inatoka wapi. Ikiwa inatoka kwenye mkopo wa riba, gari kuukuu lisilodaiwa lina heshima yake.

Kununua huku au kununua kule

Walioko Imarati wanajua maeneo ya viwanda ya Sharjah, vipande vya magari vimepangwa hadi angani. Unaona giaboksi, bei inavutia, unasema nitatuma kwa meli. Tulifikiria hivyo. Tukaacha kwa sababu tatu. Moja, huwezi kuijaribu, na ikifika ni mbovu hutarudi Sharjah na risiti. Mbili, bei ya pale si bei ya nyumbani: kuna msafirishaji, kuna ushuru, na juu yake VAT, asilimia 16 Kenya, asilimia 18 Tanzania bara. Na chuma kile si mzigo wa begi la ndege. Tatu, usipojua namba kamili ya injini na giaboksi yako, utanunua inayofanana kwa macho na isiyoingia. Mwenye ujuzi na anayefungua kontena lake, sawa. Sisi wa kawaida tununue kule itakapofungwa, na tulipe kwa utaratibu.

Utaratibu wa kulipa

Safari ya pili tulifanya hivi, na tunapendekeza mfanye hivi hata kama si giaboksi, hata kama ni pampu au mabati.

Pesa yote tulituma mara moja, kwa sababu ukituma mara tatu unalipa ada mara tatu. Lakini hatukumtumia mdogo wetu. Tulimtumia mama, na mama akalipa kwa hatua. Hatukufanya hivyo kwa kuwa mdogo wetu ni mwizi. Ni kwa sababu mtu ambaye gari lake limelala hawezi kubishana na fundi. Ana haraka, na fundi anaijua haraka yake. Mama hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki gereji, na kanga yake, akisubiri aone.

Hatua ya kwanza, duka lilipwe moja kwa moja, kwa risiti yenye maelezo ya giaboksi, baada ya kifuniko kufunguliwa na video ya meno yake kutumwa. Hatua ya pili, nusu ya ufundi siku ya kuanza. Hatua ya tatu, nusu iliyobaki baada ya gari kwenda na kurudi kilomita 50, gia zote zimeingia, rivasi inaingia na taa zake zinawaka, spidi mita inasoma, na chini hakuna tone la oili.

Juu ya oili, neno moja. Uliza ni ya aina gani. Giaboksi za zamani zenye sinkro za shaba zinataka oili ya GL-4. GL-5 ni nzuri kwa difu, lakini dawa zake kali zinaweza kuila shaba polepole. Dukani watakuambia "zote ni gia oili". Si zote. Tofauti ya bei ni ndogo, tofauti ya maisha ni kubwa.

La mwisho kwenye utaratibu: chuma cha zamani kinarudi nyumbani. Giaboksi kuukuu ni mali yako. Hata ikiwa mbovu, ina beringi, ina gia, ina kasha, siku moja itakuokoa au itauzika. Sisi tuliipoteza ya baba kwa kutosema neno.

Safu ya mapenzi

Tulipomaliza hesabu yote hii, mhasibu wetu akafurahi, akasema, "Mnaona? Miezi 15, biashara safi." Dada akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Mimi sikutuma pesa ile ya kwanza kwa sababu ya mayai. Nilituma kwa sababu baba alinifundisha kuendesha kwenye gari hilo, na nilikuwa mbali siku aliyokufa."

Hapo hakuna aliyeongea.

Tumefikiri sana juu ya maneno yale, na ndiyo maana tumeandika makala haya. Wengi wetu tunaotuma pesa nyumbani kwa magari ya zamani, nyumba za zamani, mashua za wazee, tunadanganya daftari. Tunaandika "biashara" mahali ambapo ukweli ni mapenzi. Na kwa kuwa tumeandika biashara, hatuoni aibu kuchukua kutoka kwenye pesa ya biashara, ya ada, ya kiwanja, ya tiketi. Tunasema itarudi. Mapenzi hayarudi kama pesa. Yanarudi kwa njia nyingine.

Sisi hatusemi usitume. Nani atakukataza kutunza gari la baba yako? Tunasema fungua safu mbili kwenye daftari. Safu ya kwanza andika KAZI. Kila kinachoingia humo lazima kijilipe, na uandike kwa miezi mingapi. Safu ya pili andika MAPENZI, kwa herufi hizohizo kubwa, bila kuficha. Itengee kiasi kidogo kila mwezi, hata dirham 30. Kikijaa, tumia bila kujitetea kwa mtu. Kisipojaa, gari lingoje. Baba angengoja.

Kwa upande wetu, zile 65,000 mwishowe tumeziandika safu ya pili. Hazikuwa na mahali pengine. Elfu 40 za gia ya tano ziko safu ya kwanza na zinajilipa, bado miezi minane. Dada aliahirisha likizo yake kutoka katikati ya mwaka hadi mwisho wa mwaka kwa ajili ya pesa zile mbili kwa pamoja, 139,000, ambazo kwake ni zaidi ya mishahara ya miezi mitatu, ingawa ya pili tuligawana. Hilo hakuna safu linapoingia.

Basi kama usiku huu una ujumbe kwenye simu unaosema giaboksi imekwisha, usijibu "natuma kesho". Jibu hivi: "Zima injini. Tia gia. Zaingia?" Halafu ngoja jibu, ulale, na kesho ufungue daftari.

Dada anatua Moi, Mombasa, Desemba. Mdogo wetu atampokea na DX. Ameshaambiwa kwamba kutoka Mtwapa kwenda Kilifi, usukani si wake.